Rubani wa Ndege Isiyo na Rubani: Istilahi za Kazi Mpya katika Kilimo cha Bustani

Mtafsiri anayeketi leo kufasiri tangazo la kazi la shamba la maua la Naivasha, au muhtasari wa masomo wa chuo cha kilimo cha Arusha, au kanuni za usafiri wa anga, hakawii kukutana na chombo kidogo chenye rafadha nne au sita, kirukacho juu ya matuta ya mboga pasipo mtu ndani yake. Chombo chenyewe hakimsumbui sana, kwani aghalabu amekwisha kukiona harusini kikipiga picha. Kinachomsumbua ni watu wanaokizunguka: anayekirusha, anayekitazama kisipotee machoni, anayezisoma picha zake, anayekitengeneza kiharibikapo, na kampuni inayowaajiri wote hao. Kila mmoja ana mshahara, cheti au leseni, na wengi wao hawana bado majina ya Kiswahili yaliyokubaliwa. Makala haya yanakusudia kuyachungua baadhi ya majina yanayopendekezwa au yanayotumika ovyo ovyo, na kusema lipi linafaa na lipi litaleta hasara.

Tunasema hasara kwa makusudi. Katika Tanzania, Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria, na tangu hapo kazi ya kuzifasiri sheria na kanuni zilizokuwa kwa Kiingereza imewaangukia wanasheria na watafsiri wa serikali. Katika Kenya, Katiba ya mwaka 2010 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia mojawapo ya lugha rasmi. Istilahi ya kanuni si kama neno la gazeti linalosahaulika jioni. Mtu atanyimwa leseni kwa sababu yake, au atatozwa faini. Na katika shamba la mboga, kama tutakavyoonyesha, mtu aweza kuchanganya sumu mara kumi ya inavyotakiwa.

Tuanze na chombo. Majina matatu yanashindana: ndege nyuki, droni, na ndege isiyo na rubani.

Ndege nyuki limependwa sana Tanzania, na asili yake ni dhahiri. Ni fasiri ya neno la Kiingereza linalomtaja nyuki dume. Waingereza walikuwa na ndege ya shabaha iliyoongozwa kwa redio mwaka 1935, wakaiita Queen Bee, yaani malkia wa nyuki, na mara nyingi huelezwa kwamba jina la dume lilitokana na la malkia huyo. Nyuki dume hachumi asali wala hana mwiba wa kuchomea, na kwa hiyo si sifa kubwa kwa chombo kinachofanya kazi kutwa. Lakini Mswahili hakulifikiria dume. Alisikia mvumo na akaona kinachoelea hewani, akasema nyuki. Kwa mizani hiyo jina ni zuri, linasikika na linakumbukika.

Ubaya wake hujitokeza bustanini, si kwingineko. Mwandishi wa habari za harusi au za vita hatawataja nyuki wa kweli katika ukurasa uleule, lakini mwandishi wa kilimo cha bustani hana njia ya kuwakwepa. Tikiti, maboga, matango na parachichi huhitaji uchavushaji, na wachavushaji wakuu ni nyuki. Basi kijitabu cha maelekezo kitasema kwamba ndege nyuki zisipulize viuatilifu wakati nyuki wako katika maua. Sentensi hiyo ni sahihi, na msomaji makini ataielewa. Ila tujiulize itakuwaje ikisomwa kwa sauti mkutanoni, au ikifupishwa katika ubao wa matangazo. Bahati nzuri sarufi yetu inasaidia. Tunasema nyuki wamekuja, na ndege nyuki zimekuja. Upatanisho ndio unaotenganisha, kama unavyotenganisha tangu zamani ndege wanaokula mtama na ndege zinazotumwa kuwapulizia sumu kweleakwelea. Mwalimu anayesahihisha insha asiuchukulie upatanisho huu kuwa pambo la sarufi, kwani hapa ndio pekee unaobeba maana.

Droni ni neno lililotoholewa, nalo limetoholewa vizuri: lina irabu mwishoni, linaingia katika ngeli bila kusukumwa, na halimgusi nyuki wala ndege. Wako wanaochukia kila utohozi, na utaratibu uliozoeleka wa kuunda istilahi hututaka tutafute kwanza ndani ya Kiswahili chenyewe, kisha katika lugha za Kibantu, ndipo tuende mbali. Utaratibu huo ni wa busara. Hata hivyo haukuwekwa ili utukataze neno linaloondoa utata pale ambapo neno la nyumbani limeuleta. Maoni yetu ni kwamba ndege nyuki libaki katika matumizi ya kawaida, na droni litumike katika maandishi ya kilimo, hasa yale yanayowataja nyuki. Katika makala haya tutafuata desturi hiyo.

Jina la tatu, ndege isiyo na rubani, ndilo linalotumiwa sana na redio katika habari za vita. Hilo peke yake lingetosha kumfanya mtumishi wa halmashauri asite kulitangaza kijijini kabla ya siku ya kupulizia. Lakini kuna kosa kubwa zaidi. Droni ina rubani. Amesimama chini, pengine kando ya mtaro wa maji, ameshika kidhibiti mkononi. Serikali inamtambua, inamtahini na kumpa leseni. Tukishikilia jina hili tutalazimika kuandika leseni ya rubani wa ndege isiyo na rubani, na mwanafunzi wa darasa la tano atatucheka.

Mashirika ya kimataifa yenyewe yalikwisha kuliona hilo. Katika nyaraka zake za mwaka 2011 na 2015, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga liliweka aina maalumu, yaani vyombo ambavyo rubani wake yuko, ila yuko mbali. Kanuni za Tanzania za mwaka 2018 zinafuata msemo huo katika jina lake: zinazungumzia mifumo ya ndege zinazoongozwa kutoka mbali. Kanuni za Kenya za mwaka 2020 zina jina tofauti, lisemalo kwamba chombo hakina mtu ndani. Mtafsiri anayezifasiri zote mbili kwa maneno yaleyale, ndege zisizo na rubani, amezikosea zote mbili. Ya Tanzania inasema rubani yupo mbali. Ya Kenya inasema hakuna mtu chomboni. Hakuna inayosema kwamba hakuna rubani.

Rubani ni neno la kale katika pwani yetu, nalo limetoka katika Kiarabu. Kabla ya kupanda ndege lilikuwa la baharini. Rubani alikuwa mjuzi wa kuongoza chombo, aliyejua miamba na mikondo, na hata leo bandarini rubani ni yule anayeingiza meli ya watu wengine gatini kisha akateremka. Ujuzi ndio kiini cha jina hilo, si kiti alichokalia. Kwa hiyo hakuna sababu ya kuogopa kumwita mwenye kidhibiti rubani. Panapohitajika kumtofautisha na rubani wa ndege ya abiria, rubani wa droni yatosha. Mrushaji, ambalo baadhi ya watu wanalipendekeza, linafaa kwa anayejifurahisha mwishoni mwa juma. Lakini kurusha ni tendo la mara moja, kama kurusha jiwe au kishada, ilhali kazi ya rubani inaendelea mpaka chombo kitue.

Pembeni mwa rubani husimama mwangalizi, ambaye kazi yake ni kuitazama droni na anga yote kwa macho yake, maana rubani aweza kuzama katika kioo cha kidhibiti. Jina hili ni zuri na halina mpinzani, basi tulipitie.

Mwendeshaji linataka uangalifu zaidi. Katika kanuni za anga kuna tofauti kubwa kati ya mtu aliyeshika chombo na yule anayekifanyia biashara na kubeba dhamana yake kisheria. Wa kwanza hupewa leseni na wa pili hupewa cheti. Kwa bahati mbaya, mwendeshaji kwetu ni dereva pia: mwendesha baiskeli, mwendesha mitambo. Tukimwita rubani mwendeshaji, kama matangazo mengi yafanyavyo, tutakosa jina la kampuni. Na siku droni itakapoanguka juu ya paa la jirani, wakili atauliza mwendeshaji ni nani, na kila mmoja atamwonyesha mwenzake. Tunapendekeza mwendeshaji aachiwe kampuni au mtu mwenye cheti, rubani abaki rubani, na mmiliki awe yule ambaye chombo kimeandikishwa kwa jina lake. Watu hao watatu waweza kuwa mtu mmoja, kama ilivyo kwa kijana aliyenunua droni yake na kujiajiri, lakini majina yasichanganywe kwa sababu hiyo.

Sasa tuingie shambani penyewe, ambako neno lina uzito wa lita na mililita.

Kupulizia mazao kwa chombo kisicho na mtu ndani si jambo la juzi. Kampuni ya Yamaha ya Japani ilitoa helikopta ndogo ya aina hiyo, iitwayo R-50, mwaka 1987, kwa ajili ya mashamba ya mpunga. Zanzibar, mwaka 2019, droni zilijaribiwa katika mabonde ya mpunga kupulizia kinga dhidi ya viluwiluwi vya mbu wa malaria. Kwa hiyo wasomaji wa Kiswahili wamekwisha kuwa na haja ya maneno haya, nasi tunachelewa.

Vitenzi vitatu vinagongana: kumwagilia, kunyunyizia na kupulizia. Tanzania husema kilimo cha umwagiliaji. Kenya husema mara nyingi unyunyiziaji, na kitenzi hichohicho hutumika pia kwa viuatilifu. Basi tangazo lisemalo kwamba anatafutwa mtaalamu wa kunyunyizia laweza kumleta fundi wa mabomba ya matone, aliyesomea maji, mahali alipotakiwa mtu wa sumu. Wakulima wenyewe wamekwisha kutupa njia. Husema kupiga dawa au kupulizia dawa, nao hawamwagilii dawa. Kupulizia lichukuliwe kwa viuatilifu, kumwagilia kwa maji, na kunyunyizia liachwe katika maandishi ya kitaalamu mpaka liwe limefuatiwa na kitu kinachonyunyiziwa.

Dawa nayo ni neno hatari, kwani hutibu. Kiuatilifu ni bora, nalo tayari limo katika jina la Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, iliyotokana na sheria ya mwaka 2020. Watu hulilalamikia kuwa gumu, lakini lina mantiki: ni kinachoua kile kinachotilifu, yaani kinachoharibu. Chini yake hukaa viuadudu, viuakuvu na viuagugu. Hapa twatahadharisha juu ya ukungu. Mkulima wa nyanya wa Lushoto husema ukungu akimaanisha ugonjwa wa majani, na husema ukungu akimaanisha wingu zito la asubuhi milimani. Agizo lisemalo usirushe droni wakati wa ukungu, na jingine lisemalo pulizia mapema wakati wa ukungu, yaweza kukaa katika ukurasa mmoja kama ndugu wawili wasiosalimiana. Kuvu kwa ugonjwa, ukungu kwa hewa; tofauti hiyo ikifuatwa, kijitabu kitasomeka.

Lakini neno lililo na hatari kuliko yote ni dogo na la kila siku: kipimo. Tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme kiuatilifu fulani kinatakiwa lita 1 kwa hekta. Mwenye bomba la mgongoni hutumia maji mengi, tuseme lita 200 kwa hekta, yaani mabomba kumi ya lita 20; kila bomba litapata mililita 100. Droni haiwezi kubeba maji kiasi hicho. Tangi lake laweza kuwa la lita 10, na aghalabu hutumia lita 10 hadi 30 kwa hekta, kwa matone madogo sana. Ikitumia lita 20, basi lita 1 nzima ya kiuatilifu itaingia katika lita 20 hizo. Sasa mtafsiri aandike: kipimo ni mililita 100 kwa lita 20. Rubani akilifuata agizo hilo atapulizia hekta nzima kwa sehemu moja ya kumi ya kiasi kinachohitajika, wadudu watabaki, na watakaobaki ndio sugu. Kinyume chake, kibarua akichota mchanganyiko wa droni akautia katika bomba lake la mgongoni na kupulizia kama alivyozoea, atakuwa ameyapa mazao, na mapafu yake mwenyewe, mara kumi.

Kipimo limebeba dhana mbili zisizofanana. Moja ni kiasi cha kiuatilifu kwa eneo la shamba. Ya pili ni ukali wa mchanganyiko, yaani kiasi cha kiuatilifu kwa lita ya maji. Tunapendekeza ya kwanza iitwe kiwango kwa eneo, kila mara ikitajwa hekta au ekari, na ya pili iitwe ukali wa mchanganyiko. Kipimo lisimame peke yake pale tu ambapo halidhuru mtu. Pamoja na hilo, tone dogo huchukuliwa na upepo hata shamba la jirani, na kwa hilo Kiswahili kina kitenzi kilichokaa tayari kama nguo iliyokatwa: kupeperuka. Upeperukaji wa dawa, au tuseme upeperukaji wa kiuatilifu, hauhitaji kamati.

Si droni zote zinazopulizia. Nyingi hupiga picha tu. Kamera yake huona mwanga ambao jicho letu halioni. Jani lenye afya hufyonza mwanga mwekundu ili kutengeneza chakula chake, na hurudisha kwa wingi mwanga wa infraredi. Ukichukua kiasi cha infraredi, ukatoa chekundu, kisha ukagawanya kwa jumla ya vyote viwili, utapata namba kati ya -1 na 1. Udongo mtupu huwa juu kidogo ya sifuri. Uoto mnene husogea kuelekea moja. Namba hiyo tunapendekeza iitwe fahirisi ya uoto, kwa kuwa fahirisi limekwisha kuzoeleka katika fahirisi ya bei, na wachumi hawatatudai chochote.

Kinachopokea mwanga huo ni kihisi. Wako wanaoandika sensa kwa kutohoa Kiingereza. Nchi iliyotangaziwa Sensa ya Watu na Makazi ya tarehe 23 Agosti 2022 haiwezi kuambiwa kwamba sensa ya shamba imeharibika, ikaelewa kuwa kifaa kimeingia maji.

Anayeisoma fahirisi hiyo ni mchambuzi wa picha. Tusimwite mpima ardhi, hata akitengeneza ramani, maana mpima ardhi ni taaluma yenye usajili wake, na ramani ya rangi za majani haithibitishi mpaka wa kiwanja. Ramani zilizopigwa Zanzibar kwa droni kuanzia mwaka 2016, chini ya Kamisheni ya Ardhi pamoja na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, zilikuwa za mipango na ardhi. Hizi za bustani ni kitu kingine. Mchambuzi naye ana mpaka wake. Fahirisi yaweza kumwonyesha kwamba kona ya kaskazini imedhoofika. Haiwezi kumwambia kama ni kiu, au upungufu wa nitrojeni, au minyoo mizizini. Lazima mtu aende kwa miguu, apindue jani na kung'oa shina. Katika mashamba ya maua yuko mfanyakazi ambaye kazi yake ni hiyo tu, kutembea safu kwa safu akitafuta utitiri na dalili za ugonjwa. Mkaguzi halimfai, kwa kuwa mkaguzi huja na mhuri wa serikali. Sisi tunamwita mpekuzi wa shamba. Na juu yao wote, anayeamua kipuliziwe nini, ni mtaalamu wa mazao, ambaye wazee wetu walimwita bwana shamba au bibi shamba. Twaona huruma kulitupa jina hilo kwa sababu tu ya afisa ugani, ingawa ofisini afisa ugani ndiye mwenye faili.

Mawili ya haraka. Jumba la kuoteshea mazao chini ya nailoni linaitwa kitalu nyumba Tanzania na kivungulio Kenya. Yote mawili yavumiliwe, ila nyumba ya kijani isivumiliwe, kwani msomaji atatafuta rangi. Na kile kilimo kinachotumia vihisi, ramani na viwango vinavyotofautiana kona kwa kona, wengine wamekiita kilimo sahihi. Je, bibi anayepanda mchicha Uluguru kwa jembe la mkono analima kimakosa? Kilimo cha vipimo kinasema kinachofanyika na hakimtukani mtu.

Tangazo la kazi la shamba la parachichi la Njombe, kwa mfano, laweza basi kuandikwa hivi: Anatakiwa rubani wa droni mwenye leseni ya mamlaka ya usafiri wa anga, awezaye kukokotoa kiwango cha kiuatilifu kwa hekta na ukali wa mchanganyiko, na kuzuia upeperukaji. Atafanya kazi pamoja na mwangalizi, mpekuzi wa shamba na mchambuzi wa picha, chini ya mtaalamu wa mazao. Cheti cha mwendeshaji ni cha kampuni. Mwombaji asiyejua saa ambazo nyuki wako mauani asilete maombi.